Wageni wa Miezi Mitatu

Nyumbani kwetu Miyuji begi la mgeni haliingii ndani. Hata la mume wangu haliingii. Linaachwa uani juu ya nailoni nyeusi, linafunguliwa zipu zote, linakaa juani mpaka jua lichoke, na nguo zilizomo zinakwenda moja kwa moja kwenye maji ya moto. Watu wanakasirika. Shemeji yangu mmoja aligeuza palepale getini akarudi stendi, akasema hajawahi kupekuliwa hivyo hata na polisi. Nikamwambia safari njema. Sina tena nguvu ya kumbembeleza mtu mzima kwa ajili ya begi.

Kila Jumamosi asubuhi navua vitanda vyote. Nasimamisha magodoro ukutani, naingiza tochi ya simu kwenye mishono, kwenye chaga, kwenye matundu ya misumari, nyuma ya kabati, mpaka pembeni mwa soketi. Mgongo unaniuma. Binti zangu wawili wamezoea, baba yao ananung'unika, na mimi nimechoka kuliko wote, lakini siachi. Mtu akinikuta ananisifu, eti mwanamke msafi. Namwitikia tu. Ningemwambia nini? Usafi haujawahi kunichosha hivi.

Mimi ni afisa afya wa kata. Wanaume wa kazi hii mitaani huitwa bwana afya, basi mimi ni bibi afya. Kazi yenyewe ni kuingia vyooni kwa watu, jikoni kwa mama lishe, na kwenye gesti. Gesti nimekagua nyingi mpaka naijua harufu ya chumba chenye kunguni kabla sijawasha taa, ile harufu tamu-chungu kama giligilani iliyooza. Nikiwakuta, nilikuwa mkali jamani. Nilikuwa nasimama mapokezi, wateja wanasikia, namwambia mwenye nyumba: kunguni hawaji kwa mtu msafi. Maneno hayo hayapo kwenye kitabu chochote nilichosoma chuoni. Kunguni hana habari na usafi wako, anataka damu na ufa wa kujificha, basi. Lakini maneno yale yalikuwa yanaogopesha watu, nami nilipenda waogope.

Sasa, mume wangu ananunua mahindi Kibaigwa. Akienda analala huko siku mbili, tatu, kwenye gesti za madalali na madereva wa malori. Mwaka ule mvua zilikuwa zinaishiaishia, akarudi na begi lake, akalitupa juu ya kitanda kama kawaida yake. Baada ya wiki chache binti yangu mdogo akaamka na vipele vitatu mkononi, vimepangana mstari.

"Mbu hao," baba yake akasema.

Mbu gani anajua kupiga mstari? Nikainua godoro. Kwenye mshono nikaona vidoti vyeusi kama mtu kagusagusa na ncha ya kalamu, na mmoja wao mwenyewe, mnene, anatembea zake bila haraka. Nikakaa chini sakafuni. Mume wangu akainama, akatazama, akashusha godoro polepole kama anayemfunika mtu aliyelala.

"Mama watoto," akasema, "tuna wageni."

Likawa ndilo neno letu. Tuliwakalisha watoto tukawaambia: lile neno lingine halitamkwi humu ndani, wala shuleni, wala dukani. Mtoto wa bibi afya aseme darasani kwamba kwao kuna kunguni? Si ningehama mji? Basi ikawa, "Mama, nimeona mgeni kwenye mto." "Baba, wageni wako wengi leo." Watoto walicheka. Mwanzoni hata sisi tulicheka kidogo.

Wiki hiyohiyo mama yangu akapiga simu.

Mama anakaa Haneti, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba, pamoja na kaka yangu na mkewe. Hana simu yake. Hutumia ya wifi yangu, na akiongea hupaza sauti kana kwamba anavusha maneno korongoni. Tukasalimiana, shikamoo mama, marahaba mwanangu, wajukuu hawajambo, mahindi yamekauka vizuri. Kisha akasema jicho lake la kushoto halina raha. Haliumi, ila limekuwa kama dirisha ambalo mtu anafunga pazia kutoka pembeni. Zahanati wamemwambia aende hospitali kubwa mjini.

"Nije kwako Jumatatu," akasema. "Nikae wiki mbili, nitazamwe, nirudi kabla hatujaanza kuvuna."

Nilikuwa nimeshika simu kwa bega, mkono mmoja una ndoo ya maji ya moto, mwingine una brashi. Nikasema kama nilivyokuwa nasema kutwa nzima:

"Mama, subiri kidogo. Tuna wageni."

Nilipolisikia neno langu mwenyewe nikataka kulirekebisha. Naapa nilitaka. Lakini mama akawahi.

"Wageni wa Mungu hao, mwanangu. Wahudumie. Wakiondoka unipigie."

Nikasema haya. Na nilipokata simu nilipumua. Nataka niseme kweli yote hapa: nilipumua kwa nafuu. Nilijiambia sijasema uongo, kwani si kweli tuna wageni? Nilijiambia ni wiki mbili tu.

Mtu atauliza, mama yako mzazi, unamwonea haya ya nini? Atakayeuliza hivyo hamjui mama yangu. Mwanamke yule alitulea kwenye nyumba ya udongo ambayo ungeweza kula ugali chini sakafuni. Na tangu nipate kazi hii, Haneti nzima inaijua. Akienda msibani, akienda maulidi, akienda kisimani, habari ni ileile: binti yangu ndiye anayefunga gesti chafu za Dodoma. Sikuwahi kufunga gesti hata moja, niliandika maonyo tu, lakini mama alishazifunga zote. Sasa mtu huyo nimlaze kwenye kitanda cha kunguni? Nilisema kwanza niwamalize, halafu aje akute shuka zinanukia jua.

Kuwamaliza, najua inavyofanywa. Nafundisha watu. Unamwita mpulizaji mwenye dawa ya ndani, anapuliza, unasubiri wiki mbili, anarudi kupuliza tena, kwa sababu dawa haiui mayai na yale mayai yataanguliwa tu. Unaziba nyufa. Unachemsha nguo. Hutumii dawa za shambani ndani ya nyumba, wala hutumii mafuta ya taa. Na vitanda havihamishwi, ukihamisha unawatembeza. Haya yote ningeweza kuyasema usingizini.

Lakini wapulizaji wa mji huu wananijua wote. Mimi ndiye niliyekuwa nawapelekea wateja. Nikimwita mmoja asubuhi, ikifika adhuhuri soko zima linajua. Basi nikaamua kufanya mwenyewe, kimyakimya, na nikafanya kila kosa ambalo nimewahi kumkaripia mtu mwingine.

Nilipaka mafuta ya taa kwenye chaga mpaka nyumba ikanuka kama karakana, mume wangu akasema tuhamie uani kabla hatujalipuka. Nilianika magodoro, sawa, lakini upande wetu wenye jua unatazamana na dirisha la jirani, na jirani angeuliza mbona magodoro yote matatu kwa siku moja. Nikayaanika nyuma ya nyumba. Nyuma ya nyumba jua linaondoka kabla ya saa nne. Yaani mimi, mkazi wa Dodoma, mji wenye jua la kukausha mpaka mate kinywani, niliwaanika kunguni kivulini! Kisha nikawahamishia watoto sebuleni wakalale kwenye makochi. Baada ya siku tano kochi nalo likawa na wageni. Mganga hajigangi, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba anaweza pia kujizidishia ugonjwa.

Baada ya siku kumi na kitu kukawa kimya. Hakuna kipele, hakuna kidoti. Nikamwambia mume wangu kesho nampigia mama. Kesho yake binti mkubwa akaamka shingo yote imevimba. Mayai yalikuwa yameanguliwa. Nililia siku ile, nikiwa nimevaa sare ya kazi, nimeketi ukingoni mwa kitanda kisicho na godoro.

Mama akapiga. "Wameondoka?"

"Bado, mama."

"Lo! Ni wa upande gani hao?"

Nikamtazama mume wangu. "Wa upande wa baba watoto. Wametoka Kibaigwa."

Mume wangu akaweka chini kikombe chake cha chai akanikodolea macho. Simu ilipokatika alisema, "Yaani umenipa ukoo wa kunguni?" Tukacheka mpaka machozi. Nakikumbuka kile kicheko kwa sababu ndicho kilikuwa cha mwisho juu ya jambo hili.

Siku ya tatu yake konda wa basi la kutoka Haneti akapiga simu, kuna mzigo wetu stendi. Mume wangu akaenda. Akarudi na kuku wawili waliofungwa miguu, kiroba cha karanga, mlenda mkavu kwenye mfuko wa sukari, na blanketi. Wifi yangu alikuwa ametuma ujumbe: mama anasema nyumba yenye wageni haifai kukosa kitoweo, na blanketi ni la wageni, usiku kipupwe kimeanza.

Blanketi lile nalijua. Lilikuwa la kitandani kwake.

Mume wangu alianza kutania, "Mama mkwe kawatumia wageni kuku," kisha akaona uso wangu akawapeleka kuku uani. Kuku tulimchinja mmoja jioni ileile, kwa sababu ungefanya nini na kuku? Watoto walikula wakaniuliza bibi anakuja lini. Mimi nyama yangu niliwagawia watoto. Nilikunywa maji nikanyanyuka.

Blanketi sikulitoa kwenye mfuko. Niliufunga mfuko kwa kamba nikauning'iniza kwenye msumari barazani, wageni wasije wakaliingia.

Wiki zikaenda. Nilikuwa nakwenda kazini nikiwa sijalala, nakagua vyoo vya watu huku najikuna kwa siri chini ya sare. Nilikuwa nikiketi ofisini kwa mtu naogopa kuegemea kiti chake, nisije nikamwachia mmoja. Sikwenda vikoba, sikwenda arusi. Jirani akigonga hodi namkaribisha uani. Gesti nilizitembelea, lakini ule ukali uliniishia. Nilikuwa naingia, natazama, nasema waiteni wapulizaji, natoka. Mwenye gesti mmoja akaniuliza kama naumwa.

Mama akapiga tena. Safari hii hakupaza sauti.

"Mwanangu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hao wako mbona wana mwezi na nusu?"

"Wana shida, mama. Vumilia kidogo."

"Mimi navumilia."

"Na jicho?"

"Jicho liko tu. Juzi nimegonga mwimo wa mlango, wifi yako kanicheka, anasema mama umelewa togwa."

Najua maana ya mtu kugonga mlango wa nyumba aliyoishi miaka arobaini. Nimewasomea watu vipeperushi vya presha ya macho, kwamba haiumi, inakula kutoka pembeni, na ikishakula hairudishi. Nilijua, au nilipaswa kujua, ni yaleyale. Nikamwambia aende zahanati wampe dawa ya kusukumia siku. Akaenda, wakampa tyubu ya kupaka. Akatuma mzigo mwingine, mtetea mmoja na mayai yaliyofungwa kwenye pumba.

Jioni ile mume wangu hakutania. Alisimama mlangoni mwa jiko akasema, "Mwambie mama ukweli."

"Thubutu."

"Mwambie ni kunguni. Aje alale nao. Sisi si tunalala nao?"

"Wewe sema tu, kwa sababu kunguni ni wako. Wa Kibaigwa."

"Sawa, ni wangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na safari hii maradhi unayoyaficha ni yako, lakini anayeumwa ni mwingine."

Nilimtupia kitambaa cha vyombo. Akakiokota, akakikunja, akakiweka mezani, akatoka. Mwanamume huyu hajawahi kunipiga wala kunitukana, lakini maneno yale yaliniuma kuliko kofi. Hata hivyo sikumpigia mama. Nilichofanya asubuhi yake, ambacho nilipaswa kukifanya siku ya kwanza, ni kumwita mpulizaji.

Nilimtafuta wa mbali, wa upande mwingine wa mji, mzee mmoja mwembamba mwenye bomba la mgongoni na kofia ya pama. Akafika, akaniona, akalishusha bomba.

"Aa, bibi afya! Na wewe?"

"Na mimi."

"Basi karibu chamani," akasema, akaanza kazi.

Hivyo tu. Hakushangaa, hakucheka. Alitukuta tumekwisha kutoa vyombo na nguo zote, akapuliza kuanzia chaga mpaka nyuma ya picha ukutani, akatuonyesha ufa kwenye lipu juu ya kitanda cha watoto ambao mimi nilikuwa nautazama kila siku bila kuuona. Akasema atarudi baada ya wiki mbili. Akarudi. Tukaziba nyufa kwa saruji, tukapaka rangi. Nikasubiri wiki mbili nyingine juu ya zile, kwa sababu sasa nilikuwa siamini kitu. Magodoro niliyaanika upande wa jirani, saa sita mchana, yote matatu. Jirani akatoka, akatazama, akaniuliza kama tunahama. Nikamwambia ni kunguni. Akasema, "Pole, dada. Hata sisi mwaka juzi," akarudi ndani kwake.

Miezi mitatu ilikuwa imekwisha. Jambo ambalo jirani alilimaliza kwa maneno sita!

Nikapiga simu Haneti. Wifi yangu akapokea. Nikamwambia mwambie mama wageni wameondoka, aje hata kesho.

"Wameondoka," akarudia wifi, kwa sauti ya mtu anayeonja chumvi. "Haya. Nitamwambia."

Mama alifika Alhamisi. Nilimwona anashuka kwenye basi, kavaa kanga zake za doti moja na viatu vya plastiki, kashika begi dogo kifuani. Nikaenda mbio nikasimama ubavuni kwake nikasema shikamoo mama. Hakuitikia. Aliendelea kutazama mbele, akiangaza watu. Nikamshika mkono, akaruka kwa kushtuka.

"Kumbe uko hapa! Marahaba, mwanangu. Sikukuona."

Nilikuwa nimesimama kushoto kwake, karibu kiasi cha kumgusa.

Hospitali tulikwenda kesho yake. Tulipangwa foleni, tukapimwa, mama akawekewa kidevu chake kwenye kile kifaa, akamulikwa, akaulizwa unaona vidole vingapi. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, anamwita bibi. Alisema jicho la kulia lina presha lakini linaweza kushikiliwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yote. La kushoto mshipa wake umekufa. Halitaona tena.

"Bibi, hili tatizo ulianza kuliona lini?"

"Tangu kabla ya mavuno," mama akasema.

"Mbona hukuja mapema?"

"Kwa binti yangu kulikuwa na wageni."

Alisema hivyo kwa adabu kabisa, kama mtu anayeeleza sababu ambayo kila mtu ataielewa. Daktari akaacha kuandika. Akanitazama mimi, akatazama kwenye karatasi pale walipoandika kazi ya ndugu wa mgonjwa, akanitazama tena. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama tungekuja wakati ule. Akasema hawezi kujua, presha ya macho huanza kimya muda mrefu, huenda sehemu kubwa ilikwisha kuharibika. Kisha akasema, "Lakini kidogo kilichokuwepo, tungejaribu kukilinda." Alisema kwa upole. Ningependa angenifokea, kama mimi nilivyokuwa nikiwafokea watu mapokezi.

Tulirudi nyumbani. Uani begi la mama lilikuwa bado kwenye nailoni nyeusi tangu jana, zipu wazi, kanga zake zimetandazwa. Maana ndiyo, hata begi la mama yangu nililiweka juani. Mama alikwenda taratibu mpaka pale, akachuchumaa, akaanza kuzikunja kanga moja moja kwa kupapasa. Nikaketi karibu naye juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Mwanangu," akasema bila kugeuka, "nikuulize neno, unijibu kweli. Nilikukosea nini?"

"Mama, hukunikosea."

"Basi kwa nini begi langu halikuingia ndani? Na kwa nini miezi mitatu nilikuwa sitakiwi? Wifi yako aliniambia zamani, mama, hakuna wageni huko, wageni gani wasio na majina? Mtu asiyekutaka hakosi wageni. Nikamwambia nyamaza. Lakini kitandani nikiwa peke yangu nilikuwa nawaza, nikasema labda mimi kwa mwanangu nina damu ya kunguni."

Nikaruka pale nilipokaa. Neno lile halikuwahi kutamkwa na mgeni yeyote mbele yangu katika nyumba hii.

"Nani amekwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Habari ya kunguni!"

Akaacha kukunja. "Kunguni gani?"

Ndipo nikamwambia. Nilisema yote, tangu begi la Kibaigwa mpaka kofia ya pama ya mpulizaji, nilisema kwa fujo, nikirudi nyuma na kwenda mbele, na nililia kama mtoto aliyevunja chungu. Nilimwambia kwamba tulikuwa tunawaita wageni, kwamba neno lilinitoka tu siku ile, kwamba niliona haya. Nilimwambia kuku tuliwala sisi, hadi wa mwisho, na blanketi halikuguswa. Alisikiliza mpaka mwisho, kanga moja mkononi.

"Kunguni wadudu," akasema. "Hawa wa kitandani."

"Hawahawa, mama."

"Ukaniacha Haneti kwa ajili ya kunguni."

Nikajifuta uso kwa kiganja.

"Kitanda cha kamba mlichozaliwa nyote kilikuwa na kunguni, wewe hukumbuki ulikuwa mdogo. Nilikuwa nakitoa nje kila Ijumaa namwagia maji ya moto, baba yako anashika miguu ya kitanda. Nani alitucheka? Kila nyumba ilikuwa inamwaga." Akaikunja ile kanga. Alipoendelea sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Ningelala nao, mwanangu. Ungeniambia tu. Ningelala nao nikajikuna mpaka asubuhi, tukaenda hospitali."

"Niliona haya, mama."

"Nilijua unaona haya. Nilidhani ni mimi ndiye unayenionea haya. Nikawa natuma kuku ili unitake."

Mama akaweka kanga chini, akageuza shingo, akaendelea kugeuza, mabega nayo yakafuata, kiwiliwili kizima, mpaka jicho lake la kulia likanipata pale nilipokuwa. Nikagundua kwamba nilikuwa nimeketi tena upande wa kushoto, na maneno yote yale nilikuwa nimeyasema bila yeye kuniona.

Nikanyanyuka na ndoo yangu, nikahamia kulia.